Bunduki ya Upepo na Njiwa wa Mama

Mimi ni fundi wa cherehani, na nitasema mapema: nina mdomo. Soko lote la Kasongo linajua. Mteja akileta kitambaa asubuhi na kutaka nguo mchana, namwambia akashone kwa meno yake. Sijawahi kumeza neno nikalala nalo, isipokuwa mara moja, kule Kabambare, mbele ya mama yangu. Neno lile mpaka leo limenikwama hapa, chini ya koo.

Nianze na bunduki, maana bila bunduki sina la kusimulia.

Nyumbani kwetu kulikuwa na bunduki ya upepo. Haikujua baruti. Ulishika mtutu, ukauvunja kwenda chini mpaka usikie kla, na huko ndani springi ilijikunja nyuma ya pistoni yenye kofia ya ngozi. Ukifyatua, springi inasukuma hewa, hewa inasukuma mshale. Basi, hakuna uchawi. Ilikuwa mali ya Mzungu mmoja wa pamba, zamani za babu mzaa baba. Babu alikuwa mpishi wake, na siku Mzungu alipoondoka kwa haraka alimwachia bunduki, sufuria mbili na mbwa. Mbwa alikufa, sufuria zikatoboka, bunduki ikabaki, na baba akairithi.

Watu waliokuja kuishangaa walimuuliza baba kwa nini hatafuti vile vipande vidogo vya risasi, yeye anahangaika na mishale. Baba aliwapa mtutu wachungulie kwenye jua. "Unaona mistari humo ndani?" Hapana, baba, hatuoni. "Basi." Ndani ulikuwa laini kama shingo ya chupa. Alisema zile nyingine zina mistari inayozunguka, na mistari ile inanyoa mkia wa mshale. Hii iliundwa kwa mishale tangu kuzaliwa kwake.

Mishale alitengeneza mwenyewe. Alikata spoku ya baiskeli, urefu wa vidole viwili kwa upana, akainoa juu ya jiwe la mama la kunolea visu, kisha akaizungushia nyuzi kwa nyuma mpaka zijae sawasawa kwenye mtutu. Nyuzi zikilegea, hewa inapita pembeni na mshale unaanguka miguuni pako kama mate. Zikikaza mno, hautoki. Kazi ya nyuzi nilimsaidia mimi, na nadhani cherehani yangu ilianzia hapo. Tulizichomoa kwenye vitambaa vya kichwa vya mama vilivyochakaa, kwa hiyo kila mshale ulikuwa na rangi yake. Ilikuwa saba, ikikaa ndani ya kopo la sardini. Kofia ya ngozi ikikauka, baba aliidondoshea tone la mawese, na mshale wa kwanza siku hiyo ulitoka na moshi kidogo na harufu ya mboga iliyokaangwa. Jumapili baada ya misa majirani walikuja kulenga kibao ukutani. Mimi nililenga vizuri. Najisifu hapa kwa sababu mbele hakuna tena cha kujisifia.

Sasa mama. Mama alikuwa Mwislamu wa Kabambare. Baba alikuwa Mkristo wa Kasongo, ukoo wa misa na kwaya. Ndoa yao haikupendwa upande wowote. Babu mzaa mama, siku alipochoka kukataa, alimwambia binti yake neno moja tu: "Nenda, lakini usile kibudu chao." Kibudu ni nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe, ambaye kisu hakikumuwahi kwa jina la Mungu. Katika kinywa cha babu, kila nyama iliyopikwa kwa Mkristo ilikuwa kibudu. Mama alilishika neno lile maisha yake yote. Alitupikia mbuzi wa Noeli, akatia chumvi kwa kukisia bila kuonja, kisha yeye akajipakulia sombe, majani ya muhogo, na maharage. Hakulalamika hata siku moja.

Baba ndiye aliyeshindwa. Aliniambia nilipokuwa mkubwa: "Mwanaume gani anatafuna nyama, na mke wake amekaa palepale anatafuna majani?" Ndipo alipoitoa ile bunduki ukutani kwa kazi nyingine, si ya kibao. Njiwa wa mwituni walikuja kwenye shamba letu la karanga. Mshale, ukipiga pazuri, unamwangusha njiwa akiwa hai, macho wazi, moyo unapiga, na kisu kina nafasi yake.

Kazi ile waliifanya wawili. Baba alijibanza nyuma ya ghala la karanga, mama nyuma yake, miguu peku, kisu mkononi. Pa! Njiwa anaanguka, na mama anakimbia. Mama yangu, mnene vile! Ungesema binti wa miaka kumi na tano. Anamgeuza ndege, anataja jina la Mungu, anachinja. Majirani Waislamu walinung'unika kwamba mwanamke hachinji. Mama akawajibu: "Mungu ameniona miaka yote niko peke yangu katika nyumba hii, ataniona na kisu pia." Kumbe mdomo nimeurithi.

Akimaliza kuchinja, alichomoa mshale kwenye bawa, akaufuta kwa majani, akamnyoshea baba mkono: "Shika mshale wako, nipe ndege wangu." Baba naye akajibu: "Leo umeniibia tena." Kila mara yaleyale. Sisi watoto tulichoka kusikia, tukawa tunawaigiza jikoni. Leo hii ningetoa cherehani yangu na meza yake niwasikie mara moja.

Kuna kitu kimoja nilikiona na sikukiuliza. Mara nyingine njiwa alitua karibu kabisa, kifua mbele, hata mtoto angempiga, na baba alishusha bunduki akaacha aruke. Nilidhani ni huruma. Au mkono umechoka. Sikuuliza.

Baba alikufa kwa homa, na baada yake mama akaanza kuugua tumbo. Akasema anataka kwenda kulala kwao Kabambare, kwa mdogo wake wa kiume, mjomba wangu, mwenye kiduka cha chumvi na sabuni. Mjomba alimpokea kama vile hakukuwahi kutokea ugomvi wowote wa ndoa. Mimi nilibaki Kasongo na kazi yangu na bunduki ukutani.

Siku moja mjomba akapiga simu. "Yaya hapana kula," alisema. Mama alikuwa dada yake mkubwa, na hakumwita vingine zaidi ya yaya. "Muganga anasema hizi dawa zinataka tumbo lenye kitu. Zikikuta tumbo tupu zitamumaliza. Tumeleta kuku, tumeleta samaki, anageuza uso. Uji anaonja, anarudisha. Sema naye weye."

Mama akachukua simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikadhani mtandao ndio mbaya.

"Mama," akaniita, maana nina jina la mama yake. "Bunduki ya baba yako iko?"

"Iko, mama. Ukutani."

"Niletee. Unipigie njiwa mumoja, nichomoe mushale kwa mukono wangu. Huyo nitakula."

Na mimi na mdomo wangu! Nikamwambia: "Nakuja nayo, mama. Nitalenga mimi mwenyewe. Utakula mpaka useme basi!" Nikamsikia anacheka. Mjomba aliniambia baadaye kwamba siku ile alikunywa uji nusu kikombe kwa furaha tu ya kungoja.

Basi unaona kilichokuwa mkononi mwangu. Haikuwa bunduki tu. Ilikuwa tumbo la mama.

Njia ya Kasongo kwenda Kabambare hatuizungumzi sana, tunaipita tu. Wenye silaha wamepita humo kila namna, leo hawa, kesho wale, na anayekutwa na bunduki haulizwi inatoa risasi au upepo. Anaulizwa ni wa upande gani, na jibu lolote ni baya. Nilijua hayo. Niliifungua bunduki vipande viwili, kitako mbali, mtutu mbali, nikavizungushia kitenge kizee pamoja na mwavuli wangu, nikafunga kamba. Ikawa kama mzigo wa mwavuli. Kopo la mishale nikalitia kwenye mfuko wa sindano na uzi. Nani atamuuliza fundi kwa nini ana vitu vyenye ncha?

Motari wangu, kijana wa pikipiki aliyezoea kubeba wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu kwenda Salamabila, alikuwa mtu wa kuimba njia nzima. Nilipanda nyuma na mzigo wangu mapajani. Mvua zilikuwa zimenyesha, njia ilikuwa madimbwi na makorongo, na mara nne nilishuka nikasukuma pamoja naye. Nilikuwa nimelowa matope mpaka kwenye nyusi. Lakini roho ilikuwa juu. Nilikuwa nasema na mama kichwani, namwambia ngoja, ngoja, niko karibu.

Tukafika kwenye daraja la magogo, juu ya mto mmoja usio na ukubwa wa kutisha, ila mvua ilikuwa imeujaza na maji yalikuwa mekundu, yakikimbia. Motari alipunguza mwendo. Ng'ambo, kwenye kona, nikaona mti wa mwanzi umelazwa katikati ya njia. Bariyeri. Na wanaume kama sita wamesimama, na vitu virefu mabegani.

Sijui nieleze vipi. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na sisi wa huku tumeumwa na kila aina ya nyoka. Damu iliniisha. Sikufikiri mama, sikufikiri njiwa. Nilifikiri: leo watanitoa kwenye pikipiki, leo wanangu watasikia kwa redio ya watu. Mikono yangu ilifanya kazi bila kuniuliza. Niliunyanyua ule mzigo, nikautupa pembeni ya daraja. Sikusikia hata ulivyoanguka, maji yalikuwa na kelele.

Motari alisikia pikipiki imekuwa nyepesi. "Mama, umetupa nini?"

"Nyamaza uende!"

Tukaenda. Wale wanaume walikuwa na majembe. Majembe na sepeto, mabegani. Walikuwa watu wa kijiji, wamefanya salongo, ile kazi ya pamoja, wameziba makorongo kwa mawe na udongo, na mwanzi wameulaza ili wapitaji wasimame waseme asante na kuacha kitu kidogo cha chumvi. Mmoja mzee, mwenye kofia ya msikitini, akanisalimia: "Karibu, mama. Pole na matope. Umeona kazi yetu? Leo hapa hakuna wa kuanguka."

Nilishuka kwenye pikipiki nikakaa chini, kwenye njia yao nzuri, nikalia kwa sauti. Wakakusanyika. Mama, kuna nini? Umefiwa? Nikasema: mwavuli wangu umeanguka mtoni. Hilo ndilo nililoweza kusema, na nusu yake ilikuwa kweli. Walitazamana. Mmoja akaanza kucheka, wengine wakamfuata, hata mzee. Mtu mzima analilia mwavuli! Lakini walikuwa watu wema, haki ya Mungu. Wawili walirudi nasi darajani na miti mirefu, wakachokoachokoa chini ya magogo. Hakukuwa na kitu. Maji yakishachukua yamechukua. Wangenitukana ingekuwa nafuu.

Nilifika Kabambare jua likiwa bado juu kidogo. Mjomba alinikuta uani, akatazama mikono yangu mitupu. Nikamwambia yeye kweli yote, palepale, kwa haraka, kama mtu anayetapika. Akatikisa kichwa. "Pole, mama. Bunduki haina kosa na weye huna kosa. Ingia umwambie yaya."

"Nitamwambia, mujomba. Acha kwanza nimsalimu."

Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, kichwa juu ya mto wa pamba. Yule mama mnene aliyekuwa akikimbia na kisu hakuwepo. Kulikuwa na mifupa na macho. Macho yakanitambua, yakashuka mikononi mwangu.

"Umekuja nayo?"

Weee! Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Hapana, mama, nimeitupa mtoni kwa woga. Maneno machache. Nikasema: "Iko, mama. Nimeiacha kwa jirani, isionekane na watu. Kesho asubuhi naenda mashambani."

Akafumba macho akitabasamu. "Kesho," akasema. "Basi kesho."

Asubuhi nilimbembeleza mjomba. Nilimwambia tutafute njiwa wa kufugwa, wa kijivu, afanane na wa mwituni. Mama akishakula na kupata nguvu, nitamweleza na tutacheka wote. Mjomba hakupenda. "Njia ya mwongo fupi," aliniambia. Lakini naye alikuwa amekaa wiki mbili akitazama sahani zinarudi jikoni zilivyokwenda. Tukaenda kwa mtu mmoja anayefuga. Nikachagua mwenyewe. Mjomba akamshika ndege, akamgeuza upande wa kibla, akataja jina la Mungu, akamchinja kwa kisu kikali. Njiwa alimpiga na mabawa mpaka kanzu yake ikapata damu. Kama kuna njiwa aliyechinjwa kwa haki duniani, ni yule.

Mjomba akaenda kufungua duka. Mimi nikabaki nyuma ya nyumba na ndege na kopo la sardini. Mama alitaka kuchomoa mshale, si ndiyo? Nikachagua mshale wenye nyuzi za kijani, za kitambaa chake alichokipenda. Nikajaribu kuuchomeka kwenye bawa. Bawa ni mfupa na manyoya, mshale haukukaa, ulining'inia ukaanguka. Nikajaribu tena. Ukaanguka. Nikasikia mama ananiita ndani, sauti ndogo, kwamba amesikia nimerudi. Basi nikafanya kama fundi anayetafuta mahali pa kushikiza pini: nikatafuta penye nyama. Nikauchomeka kifuani, ukaingia vizuri mpaka kwenye nyuzi, ukasimama. Hata niliupenda ulivyosimama.

Nikampelekea. Mke wa mjomba alimwinua, akamwegemeza ukutani. Nikamweka njiwa mapajani pake, juu ya kitenge. Mama alikuwa na uso ambao sikuuona tangu baba alipokufa. Akapitisha vidole kwenye bawa la kulia, polepole, akitafuta. Akapitisha kwenye bawa la kushoto. Kisha vidole vikapanda, vikafika kifuani, vikagusa nyuzi. Vikasimama hapo.

"Umemupiga hapa?"

"Ndiyo, mama."

Mjomba alikuwa ameingia, amesimama mlangoni na kanzu yake yenye damu.

"Baba yako hakupiga kifua hata siku moja," mama akasema. Hakusema kwa hasira. "Anayepigwa kifua anakufa palepale. Anafika chini amekwisha. Kisu kinachinja maiti." Akanitazama. "Mama, huyu ni kibudu."

Ndipo nilipomwona baba nyuma ya ghala, anashusha bunduki, anamwacha njiwa wa karibu aruke. Haikuwa huruma, wala mkono kuchoka. Alikuwa anamlindia mkewe lile neno la babu, miaka yote ile, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni na nyuzi mkononi, sikuona kitu.

Mjomba alinikazia macho. Alikuwa na haki ya kusema, yeye ndiye aliyemchinja. Lakini akisema, ananivua nguo mbele ya mama yangu. Kwa hiyo aliniachia mimi. Ningesema: mama, nimekudanganya, mshale nimeuchomeka kwa mkono, njiwa ni halali, kula. Angekula. Nilijua angekula. Na sikusema. Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Niliona aibu. Niliona uso ule umezimika, nikaogopa kuuongezea habari ya bunduki ya baba iliyozama mtoni. Nilijiambia: jioni. Kesho. Mimi, mwenye mdomo wa kufukuza wateja, nilisimama pale na ulimi kama ubao.

Mama akauchomoa mshale. Ilimchukua nguvu zake zote. Akaufuta kwenye kitenge chake, pande zote mbili, kama alivyozoea. Akaninyoshea.

"Shika mushale wako," akasema.

Nusu ya pili hakuisema.

Nilimtoa yule ndege nje. Mke wa mjomba akauliza kama ampike, nikamjibu vibaya: hukusikia? Ni kibudu. Sikutaka amnyonyoe, sikutaka mtu mwingine yeyote aone lile tundu. Nikamtupa chooni. Mchana wote mama aligeukia ukutani. Nilimletea uji, akauonja, akaurudisha.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema nikachukua mashuka yake kwenda kufua kisimani. Njiani nilijifunza maneno, kama mtoto anayekwenda kukariri mbele ya mwalimu: mama, nisamehe, bunduki niliitupa. Niliyarudia nikisugua, nikikamua, nikianika juu ya majani. Nilikuwa tayari, wallahi. Nilikuwa narudi na mashuka mabichi kichwani niliposikia kilio cha mke wa mjomba, na kilio kile hakihitaji mtu akueleze.

Walimzika siku ileile, kama dini yao inavyotaka. Watu wengi walikuja, hata wale waliomkataa zamani. Matanga yakafuata. Katika zile siku tatu niliona kitu uani nisikielewe: njiwa hai, mweusi mweusi, amefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko. Watu walipikiwa maharage na samaki, na huyo njiwa hakuguswa. Watoto walimrushia punje. Nilidhani ni wa mgeni.

Siku ya tatu, watu walipopungua, mjomba alikuja akakaa karibu nami kwenye mkeka. Alikuwa anazungusha tasbihi, akaiweka chini.

"Nilitaka kunyamaza," alisema. "Lakini nimeona kunyamaza kumetufanya nini katika nyumba hii. Ile alfajiri ya kufa kwake, mbele ya kwenda msikitini, yaya aliniita. Akaniuliza: 'Yule njiwa ulimuchinja weye? Nimeona damu kwenye kanzu yako.' Nikasema mimi. 'Alikuwa muzima?' Nikamwambia, yaya, naapa, alinipiga na mabawa. Akasema: 'Basi bunduki haiko, na mutoto wangu ameogopa kuniambia.' Nikasema, haiko, yaya. Ilianguka mtoni."

Sikuweza kumtazama.

"Akacheka, mama. Alicheka kwa sauti. Akasema: 'Angesema tu. Kwani mimi nilikuwa nakula bunduki?' Halafu akasema ana njaa. Akauliza kama yule ndege amebaki. Hata bawa tu, akasema. Nikaenda jikoni. Nilifunua sufuria zote, nikatazama hata chini ya kapu. Nikadhani umemula weye kwa njaa ya safari, nikaona nisikuulize. Nikamwambia yaya, ngoja, naenda kutafuta mwingine. Yule mfugaji alikuwa shambani, nikamngoja mpaka jua likapanda." Akaonyesha kwa kidevu kule kwenye nguzo ya jiko. "Nilikuwa narudi naye mkononi niliposikia."

Njiwa alikuwa anadonoa vumbi. Mjomba akanigeukia. Hakuuliza kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningepata pa kushika.

"Yule wa kwanza ulimupeleka wapi, mama?"

Nikamwambia. Chooni. Lilikuwa neno la kweli, na lilitoka jepesi kabisa, bila kukwama popote.